Nonstiki ya bei poa kila mwaka, au kikaango kimoja cha kudumu?

Dada mmoja kaniandikia, nimefupisha kidogo lakini maneno ni yake: "Shikamoo mtaalamu. Mimi kila baada ya mwaka hivi nanunua fraipani ya nonstiki ya bei ndogo, mwanzoni mayai yanateleza yenyewe, miezi ikisogea inaanza kunata pale katikati, halafu inabanduka vipande vyeusi. Wifi yangu anasema natupa hela, ninunue ya chuma kizito au stenlesi niachane na hii habari. Nilijaribu stenlesi ya jirani, yai liligandia mpaka nikailoweka usiku mzima. Hela yangu ni ya kubana. Nifanyeje, na hivi vipande vyeusi tulivyokwisha kula mimi na wanangu vina madhara?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho manake najua ndo linalokusumbua kuliko hela.

Vile vipande ni tefloni, kikemia inafupishwa PTFE, ni aina ya plastiki ambayo haichangamani na karibu kitu chochote na ndo sababu ikapakwa kwenye fraipani. Ukimeza kipande tumbo haliwezi kukimeng'enya, kinapita kilivyo na kinatoka ukienda chooni. Kwa hiyo mlichokula mmekula na kimeshatoka, wanao hujawalisha sumu, ondoa hiyo hofu. Ila usiendelee kupikia fraipani inayobanduka, kwanza chakula kinaingia uchafu usio na maana, pili ikifika hapo inakuwa imeshaacha kufanya kazi uliyoinunulia.

Kelele kubwa unazozisikia kuhusu nonstiki na saratani zinahusu kemikali nyingine inaitwa PFOA, iliyokuwa inatumika kiwandani wakati wa kutengeneza tefloni. Hiyo kweli ni mbaya, haiozi, inakaa kwenye maji na kwenye damu ya watu miaka na miaka, na walioumia zaidi ni wafanyakazi na watu walioishi karibu na viwanda wakanywa maji yaliyochafuliwa, sio mtu aliyekaanga yai nyumbani kwake. Marekani mwaka 2006 mamlaka yao ya mazingira ilikubaliana na kampuni 8 kubwa ziiondoe kabisa ifikapo 2015, mwaka 2019 ikaingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazotakiwa kuondolewa duniani, na 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO likaiweka kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo ukiona boksi limeandikwa haina PFOA, elewa kwamba wanazungumzia kitu hicho kimoja tu, tefloni yenyewe bado ipo na yenyewe ni ya ukoo huohuo mkubwa wa kemikali zisizooza. Mtu akiniambia hataki kabisa vitu vya ukoo huo nyumbani kwake kwa sababu ya mazingira namuelewa na namheshimu, ni sababu nzuri. Ila kwa afya yako wewe hapo jikoni, cha kuangalia zaidi ni moto.

Na kwenye moto ndo penye jibu la swali lako la kwanza pia, kwa hiyo nivumilie hapa nieleze vizuri.

Tefloni iligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na mkemia wa kampuni ya Marekani ya DuPont, Roy Plunkett, alikuwa anatafuta gesi ya kupozea mafriji, akafungua mtungi akakuta gesi imegeuka unga mweupe unaoteleza. Miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire akapata njia ya kuishikisha kwenye alumini, na hapo ndo likazaliwa jina la kampuni ya vyombo, Tefal. Sasa fikiria ugumu wa hiyo kazi, kitu kisichoshikana na chochote unataka kishikane na alumini. Wanachofanya ni kuikwaruza alumini mpaka iwe na vijishimo vidogo sana, wanapuliza tabaka la kwanza liingie kwenye vile vijishimo, wanaoka, wanaongeza tabaka juu yake. Fraipani za bei ya chini zinapata tabaka moja au mawili juu ya alumini nyembamba, za bei kubwa zinapata matatu na kuendelea na wakati mwingine wanachanganya chembe ngumu ndani yake. Lakini zote, ya bei ndogo na ya bei kubwa, kinachoteleza ni utando mwembamba kuliko unywele wako. Utando huo ukiisha fraipani imeisha, haijalishi ulitoa shilingi ngapi.

Tefloni inavumilia joto mpaka kama nyuzi 260 hivi. Ikizidi hapo inaanza kuharibika taratibu bila wewe kuona chochote, na ikifika 350 na kupanda inatoa moshi wenye gesi mbaya ambao ukiuvuta unaweza kupata homa, baridi, kifua kubana na kichwa kuuma, kawaida inapita siku moja au mbili. Ndege wa kufugwa ndani wanakufa kabisa na huo moshi, mapafu yao hayahimili, kwa hiyo mwenye kasuku nyumbani asiweke nonstiki tupu motoni hata kwa dakika. Unaweza kusema mimi sipiki kwa nyuzi 260. Unapika, hujui tu! Fraipani nyembamba ikiwekwa tupu kwenye moto mkali inavuka hapo ndani ya dakika chache, muda wa kukata kitunguu kimoja umegeuka umerudi.

Ndo manake fraipani yako inaanza kunata katikati. Hapo katikati ndo moto unapopiga zaidi, alumini nyembamba ikipata joto la ghafla inavimba inainuka juu kidogo, mafuta yanakimbilia pembeni, katikati panabaki pakavu panazidi kuchemka, utando unakufa. Wewe ukaja ukaimwagia maji ya baridi ikiwa bado ya moto ili uioshe haraka, alumini ikasinyaa kwa kasi yake na utando kwa kasi yake, vikaachana. Fanya hivi leo, iweke fraipani yako kwenye meza iliyonyooka, ibonyeze ukingoni kwa kidole, kama inacheza au inazunguka basi kitako kimeshapinda na sio kosa la mwiko. Watu wanalaumu mwiko wa chuma siku zote, na kweli unakwaruza, lakini nonstiki nyingi ninazoletewa na wanafunzi wangu zimekufa kwa moto kabla hazijakwaruzwa.

Kuna jambo lingine nataka ulijue kabla hujaitupa. Wakati mwingine utando haujafa, umefunikwa tu na mafuta yaliyoungua. Angalia pale panaponata, kama pana rangi ya kahawia au njano iliyokolea na ukipapasa panakwaruza kidogo, hayo ni mafuta yaliyokauka yakageuka gundi, na yale mafuta ya kupuliza ya kopo ndo yanaongoza kwa hilo, yana kitu kinaitwa lesithini kinachogandia vibaya. Weka maji nusu, tia vijiko viwili vya bekingi soda, acha ichemke taratibu dakika kumi, zima, subiri ipoe yenyewe, halafu futa na sponji laini. Kisha dondoshea matone ya maji. Yakijikusanya yakawa vishanga na kuteleza, utando bado uko hai, endelea kutumia. Yakitambaa na kulala bapa, imekwisha. Kwa yako wewe inayobanduka hii haitasaidia, lakini kwa ijayo itakuongezea miezi.

Sasa nije kwenye ushauri wenyewe. Wifi yako ana ukweli nusu. Mimi ningekuwa wewe nisingeacha nonstiki, na nisingeendelea na nonstiki peke yake. Nunua ndogo moja ya bei poa, iwe ya mayai na samaki laini tu, isiguse kitu kingine. Halafu taratibu weka akiba ya kikaango kimoja kizito kisicho na utando, kipike vingine vyote, nyama, vitunguu, viazi, mchuzi, kila kinachotaka moto. Nonstiki ihesabu kama soli ya kiatu, inaliwa, unajua toka siku ya kwanza kwamba itaisha, kwa hiyo usiitolee hela nyingi. Hela nyingi peleka kwenye chuma ambacho hakina cha kuisha.

Ndo maana katika vitu vyote vya jikoni ninachokipinga waziwazi ni nonstiki ya bei kubwa. Sio kwamba ni mbaya, nyingine ni nzuri mno, kitako kizito hakipindi, joto linasambaa vizuri na utando unachelewa kuisha. Lakini ukilipa mara nne hupati umri mara nne. Na mtu akishalipa hela nyingi anaona uchungu kuitupa, anaendelea kupikia mpaka inabanduka, afadhali yule wa bei ndogo anayeibadilisha kwa wakati. Kilicho kati, cha bei ndogo lakini kizito kidogo mkononi, ndo cha kutafuta. Zishike mbili za upana mmoja, chukua nzito. Kitako kinene ndo kinga yako dhidi ya huko kupinda.

Seti za vipande kumi na ngapi usinunue. Sufuria ya kuchemshia maji haina haja ya kuwa nonstiki, hakuna kinachonata kwenye maji, unalipia utando ambao hautakufanyia kazi yoyote na utakufa vilevile.

Na usidanganyike na majina. Zile za madoadoa wanazoziita granaiti au marumaru, mara nyingi ni alumini ileile na tefloni ileile, madoadoa ni rangi tu, hakuna jiwe lililochongwa hapo. Za seramiki ni kitu tofauti kweli, utando wake haukutengenezwa kwa tefloni, umetokana na madini ya silika, hautoi ule moshi wa tefloni ukizidisha moto kwa bahati mbaya. Ubaya wake ni mmoja lakini mkubwa, unapoteza utelezi mapema kuliko tefloni. Miezi ya kwanza unaifurahia mno, baadaye yai linaanza kushika na hata bekingi soda hairudishi. Mtu anayeogopa tefloni kabisa achukue hiyo ila ajue ataibadilisha mara nyingi zaidi, au aingie kwenye chuma moja kwa moja.

Haya, chuma. Kuna vya aina tatu vya kufikiria na nitakaa zaidi kwenye stenlesi kwa sababu ndo ilikutoa machozi.

Kilichotokea kwa jirani ni hivi. Yai na nyama vina protini, protini ikigusa chuma ambacho hakijapata joto la kutosha inashikana nacho, na ikishashika ndo hapo unakwangua. Wengi tunaweka mafuta, tunawasha moto, tunatia yai hapohapo. Kwenye nonstiki inakubali, kwenye stenlesi haikubali. Stenlesi unaipasha kwanza ikiwa tupu, moto wa kati sio mkali, dakika mbili tatu, halafu dondosha tone la maji. Likichemka likakauka na kelele, bado. Likigawanyika vitone vinavyochemka huku vinakimbia, karibu. Likibaki duara zima linaloteleza huku na huko juu ya chuma bila kukauka, imefika, chuma kiko kama nyuzi 190 mpaka 200 na tone limeelea juu ya mvuke wake lenyewe. Jambo hili lina jina la daktari wa Kijerumani aliyelieleza mwaka 1756, Leidenfrost, na mpaka leo hakuna kipimo cha jikoni cha bure kinachokizidi. Hapo futa maji, tia mafuta, yataenea na kung'aa mara moja, tia nyama yako iliyokaushwa na karatasi au kitambaa, na usiiguse. Hapa ndo uvumilivu unapohitajika, itashika, utaogopa, utataka kuivuta. Iache. Ikishakaanga upande wa chini na kupata rangi inaachia yenyewe, ukiisukuma kidogo inasogea. Ikikataa kusogea inakuambia bado.

Kwa yai ni hivyohivyo ila ukishatia mafuta au siagi punguza moto na usubiri kidogo ndo utie yai, usitie yai la baridi lililotoka kwenye friji sasa hivi. Lakini nakuambia kabisa, yai ndo mtihani mgumu kuliko yote kwenye stenlesi, na wewe ndo ukaanza nao. Usikihukumu kikaango kwa yai. Kihukumu kwa nyama na vitunguu, hapo utaona nonstiki haikuwa inakupa chakula kitamu hivyo. Ile rangi ya kahawia na harufu inayotoka nyama ikikaangika inahitaji joto la juu, inaanza kwenda kasi ukivuka kama nyuzi 140, na Mfaransa Maillard aliieleza mwaka 1912. Nonstiki unaiogopea moto kwa hiyo nyama inachemka kwenye maji yake inakuwa ya kijivu. Stenlesi inakupa ile rangi, na yale mabaki yaliyogandia chini sio uchafu, mwagia maji kidogo au nyanya iliyosagwa ikiwa bado ya moto, kwangua na mwiko wa mti, yanayeyuka yote, huo ndo mchuzi wenyewe na kikaango kimejiosha nusu.

Wakati wa kununua stenlesi angalia kitako tu. Stenlesi yenyewe inapitisha joto vibaya mno, alumini inaipita kama mara 15, kwa hiyo ile ya bati jembamba peke yake itakuunguzia chakula kwa mduara pale moto ulipo. Tafuta yenye kitako kinene ambacho ndani yake kuna alumini iliyofichwa kati ya stenlesi mbili, ukiipindua utaona kama sahani nene imebandikwa chini, au zile ambazo alumini imepanda mpaka ukutani kote, hizo ni bora na bei yake iko juu. Maandishi 18/10 yana maana kuna kromu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, hiyo kromu ndo inazuia kutu. Mwenye mzio wa nikeli atafute yenye 18/0. Chumvi itie maji yakishachemka, ukiitia kwenye maji ya baridi inakaa chini inatoboa vijidoa ambavyo havitoki, sio vya hatari lakini vinaudhi. Madoa ya rangi za upinde wa mvua na utando mweupe wa maji magumu yanatoka kwa siki kidogo, usihangaike kusugua.

Cha pili ni chuma cha kusubu, kile kizito cheusi ambacho wifi yako bila shaka ndo anakitaja. Hiki kinaweza kurithiwa, sitanii, kinapika miaka na miaka na kinazidi kuwa laini. Kinachofanya kisinate ni mafuta yaliyopakwa membamba yakaokwa mpaka yakageuka utando mgumu wa kung'aa, tofauti na nonstiki ni kwamba utando huu unaujenga mwenyewe na ukiharibika unaujenga tena. Paka mafuta ya kawaida ya kupikia, halafu yafute, futa mpaka uone kama umeyatoa yote, hapo ndo yamebaki ya kutosha, weka kwenye oveni kichwa chini nyuzi 220 hivi saa nzima, acha kipoe humohumo. Wanaopaka mengi wanapata kikaango kinachonata gundi. Kama huna oveni fanya juu ya jiko, moto wa kati, mpaka kiache kutoa moshi, fungua madirisha. Baada ya hapo kupika kwenyewe kunaendelea kukikomaza.

Watu wanasema kisioshwe na sabuni. Hiyo ni ya zamani, sabuni za zamani zilikuwa na magadi makali yaliyokula ule utando, sabuni ya maji ya siku hizi haina shida. Kinachokiua ni kulowekwa na kuachwa na maji. Osha, kausha na kitambaa, kiweke motoni dakika mbili maji yaliyobaki yaishe, paka tone la mafuta, basi. Nyanya, ndimu na siki usivipike humo muda mrefu, vinakula utando na chakula kinapata ladha ya chuma. Hicho chuma kidogo kinachoingia kwenye chakula kwa wengi sio kibaya, wenye upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma kinaweza kuwasaidia kidogo, ila mwenye ule ugonjwa wa kurithi wa mwili kulimbikiza chuma atumie stenlesi.

Shida yake halisi ni uzito, na nataka uichukulie kwa makini. Kikishajaa chakula kukiinua kwa mkono mmoja ni kazi, na kikianguka kwenye sakafu ngumu kinaweza kupasuka, chuma hiki kigumu lakini hakina unyumbufu. Kuna mama nilimfundisha mwenye viganja vinavyouma, alikuwa amenunuliwa cha kusubu kikubwa na watoto wake, kikakaa chini ya kabati hajakigusa. Kikaango cha kudumu usichokitumia hakijadumu, kimelala tu. Kwa mtu wa namna hiyo, au mzee anayeishi peke yake na anakaanga mayai tu, au mtu ambaye daktari amemwambia apunguze mafuta kabisa, nonstiki nyepesi ndo chaguo sahihi na asione haya kuibadilisha kila inapoisha.

Cha tatu hakisemwi sana na mimi ndo ninakipenda zaidi, kikaango cha chuma cheusi cha bati nene, wengine wanakiita kaboni stili, ndo utakikuta kwenye majiko mengi ya mahoteli. Kinakomazwa kwa mafuta vilevile kama cha kusubu, hakipasuki, ni chepesi zaidi, kinapata moto haraka, na kikishakomaa vizuri hata yai linateleza. Mara nyingi bei yake iko chini ya stenlesi nzuri. Wiki za mwanzo kitakuwa na mabaka mabaka ya rangi utafikiri kimeharibika, hakijaharibika. Kama unapika kwa gesi na unaweza kukipata, mdogo wangu, hiki ndo ningekuchagulia kiwe kikaango chako kikubwa. Stenlesi ningeichagua kama mapishi yako mengi yana nyanya na ndimu, manake hicho cheusi hakipatani nazo.

Hesabu ya hela iko hivi. Chukua bei ya fraipani yako ya kila mwaka, sema kikaango kizito kinauzwa mara nne yake. Mwaka wa nne mmekuwa sawa, wa tano na kuendelea unapika bure. Lakini kwa kuwa nonstiki yako sasa itabaki na kazi ya mayai tu, kwenye moto mdogo, na mwiko wa mti au wa silikoni, nayo haitaisha kwa mwaka, itafika miaka miwili mitatu au zaidi kama hutaibebesha sufuria nyingine juu yake kabatini bila kuweka kitambaa katikati. Kwa hiyo unaokoa sehemu mbili. Anza na nonstiki ndogo mwezi huu kwa sababu hiyo ya sasa haifai tena, kizito kije ukishajikusanya, hakuna haraka. Na hiyo inayobanduka usimgawie mtu apikie, ipeleke kwa wanaonunua chuma chakavu, alumini inayeyushwa tena.

Kama siku moja utahamia jiko la umeme la induksheni, lile linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku, nenda dukani na sumaku ndogo. Ikinasa kwenye kitako kikaango kitafanya kazi, isiponasa hakitawaka. Chuma cha kusubu na cha bati nene vyote vinanasa, alumini tupu hainasi, stenlesi inategemea, ndo uijaribu hapohapo kabla hujalipa.

Na kwa kuwa hela inabana, usidharau vya mitumba. Nonstiki ya mtumba usiiguse, hujui imepitia moto gani, lakini chuma cha kusubu kilichoshika kutu na kutelekezwa kinaweza kuwa kizuri kuliko kipya. Sugua kutu na stilwulu na maji ya sabuni mpaka uone chuma cha kijivu, kausha motoni, kikomaze kama nilivyoeleza. Muulize muuzaji kilikuwa kinafanyia kazi gani, manake wapo watu wanayeyushia humo madini ya risasi, ambayo ni sumu, ya kutengenezea vizito vya nyavu, na kama ni hivyo kiache hata kwa bure. Kisha kining'inize kwa mpini, kigonge kwa fundo la kidole. Kizima kinalia mlio mrefu wa kengele. Kikitoa mlio mfu kina ufa mahali, hata kama huuoni, chukua kingine.